Maswali yenu: Kabla hujalipia karate, kakae benchi uangalie mstari wa nyuma

Haya jamani, toleo lililopita niligusia kwa sentensi mbili tu kwamba jioni huwa naenda karate, basi mmenimiminia maswali kuliko hata yale ya mawifi na mikopo. Kwanza msiniite sensei, yaani mwalimu. Nina mkanda wa kahawia na goti la kushoto bovu, nilianza nikiwa na miaka 34 na watoto wawili, kwenye darasa la shule ya msingi ambalo kila jioni tunasukuma madawati ukutani ndo tupate pa kusimama. Hivyo ndo vyeti vyangu. Tuendelee.

*Shikamoo anti. Mwanangu wa kiume ana miaka 8, shuleni wenzie wanamnyang'anya hela ya kula na juzi karudi na shati limechanika mfuko. Baba yake anataka tumpeleke karate ili akawanyooshe. Mi naogopa asije akawa mgomvi, afu huku kwetu kuna sehemu mbili wanafundisha, sijui nimpeleke wapi. — Mama wa wawili, Nkuhungu, Dodoma*

Marahaba mama. Tuanze na baba watoto, mwambie kwa upole asahau hiyo ya kunyoosha watu. Mtoto wa miaka 8 akianza leo, miezi mitatu ya kwanza anajifunza kusimama, kufunga mkanda usifunguke, na kukunja ngumi, basi. Na kukunja ngumi kwenyewe wala sio mchezo, mwambie mwanao sasa hivi akukunjie ngumi uone, watoto wengi wanaficha kidole gumba ndani ya vidole vingine kama wanaficha pipi, sasa ukipiga hivyo kinachoumia ni gumba lako mwenyewe. Inatakiwa ukunje kuanzia ncha za vidole, uzizungushe mpaka ziingie kwenye kiganja, afu gumba linakuja juu kwa nje, linakandamiza kidole cha shahada na cha kati, na unapopiga kinachofika kwanza ni vile vifundo viwili vikubwa, cha shahada na cha kati. Mimi mtu mzima na akili zangu ilinichukua wiki mbili kuacha kulegeza kidole kidogo. Kwahiyo hela ya kula haiwezi kusubiri mkanda wa njano, wiki hii hii nenda kwa mwalimu wa darasa ukaongee nae, na ukiona anakupiga chenga panda kwa mwalimu mkuu.

Ila mpeleke, maana kuna kitu karate inampa mtoto anayeonewa, na sio ngumi, ni sauti. Kuna ile kelele tunayopiga unapomalizia pigo, inaitwa kiai, inatoka tumboni sio kooni. Dojo letu, yaani pale tunapofanyia mazoezi, aliletwa binti mmoja mdogo, yaani ukimuuliza jina anajibu akiangalia vidole vya miguu, kiai yake ilikua kama mtu anayepuliza chai. Mwalimu hakumlazimisha, alikua anamwambia tu "nimesikia, ongeza kidogo." Ikaenda hivyo wiki kama sita hivi, jioni moja katoa kelele mpaka mbwa wa nyumba ya jirani akabweka, darasa zima tukacheka na yeye akacheka, na toka siku hiyo ukimuuliza jina anakutajia mpaka la ubatizo. Mtoto wa hivyo hata shuleni wanamkwepa kabla hajanyoosha mkono.

Kuhusu ugomvi, mzee Gichin Funakoshi ambae ndo watu wa Shotokan, mtindo mmojawapo wa karate, wanamuita baba yao, kwao Okinawa kule Japani alikua mwalimu wa shule kwa miaka mingi, na mafundisho yake kwa wanafunzi yalikua wazi kwamba mwanakarate haanzi kupiga. Na ukitaka kuona kwamba hayakua maneno tu, angalia kata, yaani ule mfululizo wa vitendo unaokaririwa, ya kwanza mtoto anayofundishwa kwenye Shotokan, inaitwa Heian Shodan, kitendo cha kwanza kabisa ni kuzuia, anageuka kushoto na mkono unashuka kukinga pigo la chini, ndo ngumi inafuata. Dojo linalojielewa likisikia mtoto kapiga mwenzie shuleni linamuuliza, na wengine wanamsimamisha kabisa mazoezi.

Sasa kuchagua. Nenda zote mbili saa ya mazoezi, usiwaambie unakuja, kaa benchi lisaa lizima na soda yako. Usimwangalie yule kijana anayeruka na kuzungusha teke kichwani, huyo kawekwa mbele umwone. Angalia mstari wa nyuma. Dojo nyingi watu wanapangwa kwa mikanda, wakubwa mbele, wale wa mikanda myeupe waliokuja juzi nyuma kabisa karibu na mlango. Angalia mwalimu anafika kule mara ngapi, na akifika anafanya nini, anainama kumgeuza mtoto unyayo au anapita na fimbo. Mi dojo langu la kwanza, sitalitaja na halipo tena, mwalimu alikua anafundisha watu wanne wa mbele, sisi wa nyuma anatuhesabia tu ichi, ni, san, simu iko sikioni. Nikasimama vibaya miezi saba, goti linaingia ndani kila nikishuka, hamna aliyenirekebisha, na ndo hili goti ninalowasimulia leo. Juu yake tukachangishwa hela ya mtihani wa mkanda mara mbili na vyeti mpaka leo hatujaviona.

Kingine mama, na hapa sitanii: mwalimu akikuambia wazazi hawaruhusiwi kuangalia mazoezi, au anataka kubaki na mtoto peke yake, mshike mwanao mkono muondoke.

*Mambo anti. Mimi niko Udom mwaka wa pili, nina miezi nane kwenye karate na bado nina mkanda wa njano, mshkaji wangu yuko Dar kaanza baada yangu na sasa hivi ana wa kijani. Kila siku ananitumia picha. Tatizo ni mimi au mwalimu wangu ananibania? — Mwanachuo*

Poa mdogo wangu. Kwanza hizo picha mute, utasoma vizuri.

Mikanda ya rangi kwenye karate ni kitu cha juzi juzi tu. Ngazi za kyu (za kabla ya mkanda mweusi) na dan (za mweusi) zilitoka kwa Jigoro Kano, yule mwanzilishi wa judo, na Funakoshi alivyohamia Tokyo akazichukua, akatoa dan za kwanza za karate mwaka 1924. Kabla ya hapo kule Okinawa mtu alikua anafundishwa na mzee mmoja uani usiku, kata moja inaweza kuchukua miaka, na hamna aliyeuliza rangi. Kwahiyo hamna mkanda wa kijani wa dunia nzima, kuna wa kijani wa dojo lenu na wa kijani wa dojo lao, na mtindo mmoja kijani kinakuja kabla ya bluu, mwingine baada ya chungwa, mwingine hawana chungwa kabisa. Wewe unacheza nini, Shotokan? Goju? Yeye je? Hujasema. Kama yeye ni Goju-Ryu na wewe ni Shotokan basi mnalinganisha bei ya zabibu na bei ya ubuyu. Na Dar kwenye Goju wana mizizi kweli, ilifundishwa shule ya Zanaki kuanzia miaka ya sabini na Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, na wapo wazee wa pale ambao mpaka leo wanafundisha.

Sasa kama anakubania au la. Muulize, lakini sio "mkanda wangu lini", muulize "mwalimu, nikitaka kwenda mtihani ujao nirekebishe nini". Kama anafundisha kweli atakujibu kitu cha mwilini: kisigino chako cha nyuma kinanyanyuka, mkono unaorudi kiunoni unachelewa, unaangalia chini ukigeuka. Akikujibu "lete hela ya mtihani kwanza tutaona" hapo una kazi ya kutafuta dojo lingine. Na upande wa pili upo pia, kuna sehemu mtihani ni kila mwezi na hamna anayefeli, watu wanavaa rangi kama wako kwenye kitchen party, afu wakikutana na mtu wa nje kwenye mashindano wanalala dakika ya kwanza.

Ile stori kwamba zamani mkanda mweupe ulikua hauoshwi mpaka unakua mweusi kwa jasho, ni stori tu, hiyo mikanda inatiwa rangi kiwandani. Na kwa vumbi letu hili usipoosha mkanda hauwi mweusi, unakua rangi ya tofali la kuchoma. Shodan yenyewe unayoililia, ile dan ya kwanza ya mkanda mweusi, maana yake ni hatua ya kwanza, yaani ukivaa mweusi ndo umeandikishwa darasa la kwanza. Miezi nane na njano uko sawa kabisa, mi ilinichukua zaidi.

*Bwana asifiwe. Mimi ni mlokole na napenda sana haya mazoezi, ila nimeona wanainama mbele ya picha ya mzee wa Kijapani, na kuna muda wanapiga magoti wanafumba macho. Kiongozi wangu wa maombi kasema ni ibada ya mizimu. Naomba msaada. — Asiyetaka jina, Area C*

Amina mpendwa. Hili limeshaondoa watu wengi dojoni kwahiyo silichukulii kirahisi, na maswali kama hili nimeletewa na Waislamu pia, kwao kuinama kama rukuu ndo inawapa shida.

Kule kuinama kunaitwa rei na ni salamu, Mjapani anamuinamia mwenye duka na anamuinamia dereva wa basi. Sisi huku binti wa Kigogo anapiga goti akimpa baba mkwe maji na hamna anayesema anamwabudu, mtoto anasema shikamoo na neno lenyewe asili yake ni kushika miguu. Kufumba macho kunaitwa mokuso, kwetu linachukua kama dakika moja, hakuna anayetajwa wala kuitwa, ni kutuliza pumzi, unatoa kichwani foleni ya bodaboda za Majengo afu unaanza. Mi nikifumba huwa nasali Baba Yetu, na mwalimu wangu ambae ni Muislamu hajawahi kuniuliza.

Hiyo picha mara nyingi ni ya mwanzilishi wa mtindo, Funakoshi wa Shotokan au Chojun Miyagi wa Goju, imewekwa kama unavyokuta picha ya Nyerere ofisini. Lakini dhamiri ni yako. Kama inakukwaza, mfuate mwalimu kabla ya mazoezi, mwambie salamu ya mwalimu na ya mwenzangu natoa, ya kwenye picha nitasimama wima. Wengi ninaowajua wanakubali bila neno. Anayekulazimisha au kukucheka mbele ya watu, ameshakujibu swali lako lingine ambalo hukuuliza.

*Dada salamu. Nina miaka 47, mtumishi, nilihamishiwa huku na ofisi. Toka nimefika kazi yangu ni kukaa, kitambi kimetoka, daktari kasema presha imeanza. Wenzangu wananicheka wanasema karate ni ya watoto. Je, nimechelewa? — Mtumishi, Ihumwa*

Salama kaka. Funakoshi alipotoka Okinawa kwenda Tokyo kuionesha karate mwaka 1922 alikua ameshapita miaka 50, akaanzia huko maisha upya, na akafundisha mpaka uzee kabisa, amefariki 1957. Wenzio hao wenyewe wanafanya zoezi gani zaidi ya kunyanyua glasi?

Ila rudi kwa daktari kwanza, mwambie nataka kufanya mazoezi ya nguvu, akupime na akupe ruhusa, na kama unameza dawa ya presha usiiache kwasababu umeanza kujisikia mwepesi. Dojoni sema umri wako na presha yako siku ya kwanza kabla hujavua viatu. Usibane pumzi kwenye pushapu, toa hewa ukipanda. Kuna mitindo ina kata inaitwa Sanchin, ya Goju, unakaza mwili mzima huku unapumua kwa nguvu, ikifika hiyo mwambie mwalimu wewe utaifanya laini, maana kukaza vile na presha haviendani. Kuruka ruka waachie vijana. Na teke lako liishie usawa wa mkanda, hamna aliyekutuma kichwani, kaka yangu mmoja wa dojo, umri wako wewe, alitaka kumuonesha mkewe teke la juu sebuleni, akachanika msuli wa paja na meza ya kioo ikaenda.

Mstari wa nyuma utasimama na watoto wa darasa la tatu, na mmoja wao atakurekebisha mkono mbele ya watu. Mwambie asante sempai, yaani aliyekutangulia, na urekebishe.

*Anti, kwanini karate ilikuwepo Olimpiki ya Tokyo afu Paris haikuwepo? Tumefanya nini? — Shabiki, Kondoa*

Ilikua ni chaguo la mwenyeji. Tokyo waliiingiza kama mchezo wa nyongeza kwasababu ni nyumbani, mashindano yakafanyika Agosti 2021 baada ya corona kusogeza mwaka, Paris 2024 wakachagua breakdance na mingine, karate ikaachwa. Mi binafsi nililia, ila nakwambia ukweli fainali ile ya wanaume wazito haikutusaidia. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikua anaongoza, akamrushia Sajad Ganjzadeh wa Iran teke la shingoni likamlaza kabisa, akatolewa kwa machela. Sisi sebuleni tunashangilia Msaudi kachukua. Waamuzi wakakaa wakaongea, wakamtoa Hamedi kwa kupiga bila kujizuia, dhahabu akapewa aliyekua amezimia, na alivyozinduka ndo akaambiwa kashinda.

Mume wangu mpaka leo anasema ni wizi. Lakini sheria ya kumite, yaani kupambana, ya mashindano iko hivyo, ngumi ni pointi 1, teke la mwilini 2, teke la kichwani 3, na vyote vinatakiwa vifike kwa kujizuia, sio kumzimisha mtu. Kumpiga mwenzio akaanguka unaweza ukafundishwa mwezi mmoja. Kufikisha mguu kwa kasi ile ile ukausimamisha ukigusa nywele, hiyo ndo inakula miaka. Wanaotaka kupigana mpaka mtu alale wana mtindo wao wa Kyokushin, na hata kule ngumi ya usoni hairuhusiwi.

*Anti mi ndo nimeanza wiki mbili, gi, ile nguo ya karate, nitapata wapi kwa bei ya kawaida, na miguu yangu inapasuka balaa. — Mkanda mweupe, Kisasa*

Usinunue gi bado, fanya miezi miwili na traki na fulana, wengi wanaishia wiki ya tatu na gi inabaki kabatini. Ukiona bado upo, kuna mafundi cherehani wanashona, peleka kitambaa kizito cha pamba, kile cha makoti ya wapishi, mwambie kwapani aache nafasi na suruali iishie juu ya kifundo cha mguu. Kwenye mtumba zinapatikana pia ila kuwa makini, mi nilijipatia moja nikaringa nayo njia nzima, kufika dojoni naambiwa hii ni ya judo, nzito kama blanketi la jeshi, nikatokwa jasho lita tatu. Osha siku hiyo hiyo, vumbi letu likilala na jasho halitoki tena.

Miguu sasa. Sakafu ya saruji, peku, na hii Julai ya upepo na ubaridi mkavu, lazima ipasuke, ya wote inapasuka. Unapogeuka unazungukia sehemu ya mbele ya unyayo chini ya kidole gumba, pale ngozi inakua ngumu, afu inachanika kama ukuta uliopigwa plasta siku ya jua. Usiku loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, sugua taratibu na jiwe, usikate na wembe kama nilivyofanya mimi, paka mafuta mazito uvae soksi ulale. Ikichanika mpaka damu funga plasta ya kitambaa, zungusha mpaka juu ya unyayo maana ile ya chini tu inabanduka ukigeuka mara mbili. Na fagia sakafu kabla ya mazoezi, kaombe fagio mwenyewe. Kwetu anayefika wa kwanza ndo anafagia, na mwalimu siku akiwahi anafagia yeye, jana nimemkuta kashikilia mfagio wa chelewa kaloa mgongo, madawati ameshasukuma yote.